Kibali cha COSTECH hakimalizi kazi

Mwandishi wa makala kuhusu vibali vya utafiti Tanzania ameeleza vizuri habari za COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na Uhamiaji, lakini ameishia njiani. Mgeni anayekuja kutafiti biashara ya soko la Kariakoo, Dar es Salaam, hata akishapata kibali cha utafiti na kile cha ukaazi daraja la C, bado hajafika sokoni. Barua inatakiwa ishuke mkoani, wilayani Ilala, kwenye kata, hadi ofisi ya serikali ya mtaa. Wengi wanairuka hatua hiyo ya mwisho, na kwetu sisi wenye maduka ndiyo yenye uzito. Mimi niko Mtaa wa Kongo. Mtu asiyefahamika akija na dodoso kuuliza mauzo na kodi, tunadhani ni wa TRA, mamlaka ya mapato, na tangu mgomo wetu wafanyabiashara wa Mei 2023 kuhusu kero za kodi tahadhari imezidi. Akiongozana na mwenyekiti wa mtaa, anapewa kiti na anajibiwa. Jingine ambalo mtafiti mgeni atalihitaji: laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole, na mgeni hutumia pasipoti yake. Wanafunzi mnaokuja kutafiti, msikubali laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Wahariri, tafadhali ongezeni habari za ofisi ya mtaa kwenye makala haya.