Vifaa vya Kamera ya Kukunja: Kipimo Kwanza

Aghalabu kamera ya kukunja huachwa na mzee wa nyumba ikiwa ndani ya mkoba wake wa ngozi, pasipo kichujio, pasipo waya wa kufyatulia, na pengine pasipo hata rili tupu. Kijana wake aliyekwisha kula kiapo cha uaskari hutaka kuitumia siku ya gwaride, au siku ya harusi ya dada yake, ilhali filamu moja haitoi ila picha 8 au 12. Jambo la kwanza afanyalo ni kuulizia vifaa kwa jina la kamera. Hapo ndipo fedha huanza kupotea, kwa maana jina hilo peke yake halimpi muuzaji kipimo cho chote.

Tuanze na filamu. Kampuni ya Kodak ilitoa filamu ya namba 120 mwaka 1901, na mwaka 1932 ikatoa namba 620. Upana wa filamu ni ule ule. Kilichobadilika ni rili. Rili ya 620 ina mhimili mwembamba zaidi na visahani vidogo zaidi vya pembeni. Namba 620 iliachwa kutengenezwa mwaka 1995, bali 120 ingali ikiuzwa. Basi mwenye Agfa Isolette au Zeiss Ikon Nettar ya 120 hana taabu. Mwenye Kodak iliyoandikwa “Six-20” ndiye mwenye kazi.

Wako watu wanaokata kingo za rili ya 120 kwa mkasi mpaka iingie. Hiyo ndiyo haraka isiyo na baraka: rili yaweza kukwama katikati ya shughuli, na ukingo uliokatwa vibaya hupenyeza mwanga. Njia bora ni kutafuta rili 2 tupu za 620, moja ya kubeba filamu na nyingine ya kuipokea ndani ya kamera. Katika giza totoro, filamu ya 120 huviringwa kwanza kwenye rili tupu ya 120, kisha kwenye ile ya 620, ili mwanzo wake ubaki nje. Filamu imegundishwa kwenye karatasi yake upande mmoja tu. Pakitokea mkunjo hapo, ukanda ubanduliwe taratibu na kugundishwa upya. Mazoezi yafanywe kwanza kwenye mwanga, kwa filamu iliyokwisha haribika. Tena fundi wa kusafisha filamu aambiwe mapema airudishe rili ya 620, kwani asiyejua thamani yake ataitupa.

Vichujio navyo vina hila yao. Lenzi nyingi za kamera hizi hazina skrubu mdomoni. Kichujio husukumwa tu kikabana ukingo wa nje. Kwa hiyo upimwe ukingo huo kwa kalipa ya fundi. Ukiwa na milimita 32, hutakiwa kichujio cha kusukuma cha 32. Cha skrubu chenye namba iyo hiyo hakitafaa. Kichujio cha manjano, kinachokoza mawingu katika picha nyeusi na nyeupe, kwa kawaida hudai mwanga mara 2.

Kuhusu taa ya fleshi, kiatu kilicho juu ya kamera mara nyingi ni chuma kitupu kisichopitisha umeme. Hapana budi pawepo waya kutoka taa hadi tundu dogo la kilango cha mwanga. Kamera isiyo na tundu hilo isinunuliwe taa. Palipo na herufi M na X, M ni ya balbu za zamani zinazochelewa kuwaka, na X ni ya taa za elektroniki. Atakayetumia taa ya elektroniki kwenye M atapata picha tupu, kwa kuwa mwanga huwa umekwisha kabla kilango hakijafunguka.

Stendi ya miguu mitatu haina gharama kubwa. Kamera nyingi za kale za Ujerumani zina tundu la inchi 3/8, na stendi za sasa zina skrubu ya 1/4. Bushi ndogo ya shaba huondoa tofauti hiyo. Waya wa kufyatulia wa kawaida huingia bila shida katika nyingi za kamera hizi. Nao, kama kichujio, utolewe kabla mlango wa kamera haujafungwa, usije ukapinda au kuukwaruza mvukuto.