Alama za kina mama wa London

Familia nyingi zikiwapeleka watoto kuona majengo ya kale jijini London hukimbilia Tower of London. Foleni ndefu, kiingilio kinauma, na mtoto mdogo akitoka hapo anachosimulia ni kunguru.

Mwendo mfupi kwa miguu kutoka stesheni ya Russell Square yapo makumbusho madogo, Foundling Museum, ambako watoto hawalipi. Yanaeleza habari za nyumba iliyolea watoto ambao mama zao hawakuweza kuwatunza. Nahodha wa meli, Thomas Coram, alihangaika miaka 17 baada ya kuona vichanga vimetupwa njiani, hadi mfalme akatoa kibali mwaka 1739.

Nafasi zilikuwa chache, hivyo ikapigwa kura. Mama aliingiza mkono kwenye mfuko wa vigololi. Akitoa cheupe, mtoto anapimwa afya kisha anapokelewa. Chekundu, anasubiri huenda mwenzake akakutwa mgonjwa. Cheusi, anarudi naye.

Aliyepokelewa alipewa jina jipya. Ndiyo maana mama aliacha alama: kifungo, pete, sarafu iliyochongwa maandishi, hata kipande cha kitambaa, ili siku mambo yakimnyookea athibitishe kuwa mtoto ni wake. Baadhi ya alama hizo ziko kwenye kabati za vioo, ndogo mno, na mwenye haraka huzipita. Kati ya mwaka 1741 na 1760 walipokelewa watoto 16,282. Waliorudiwa na wazazi ni 152.

Mtoto atauliza: mbona mama hakurudi? Asijibiwe kwamba hakupendwa. Wengi walikufa wakiwa wadogo, na umaskini wa mama zao haukuisha.

Kwa mtoto aliyeachwa kwa bibi miaka kadhaa, Tanga au Kisumu, mama akitafuta maisha Uingereza, swali hilo ni lake mwenyewe. Pengine hajawahi kuliuliza nyumbani. Hapo simu iwekwe mfukoni, aelezwe nani aliamua, kwa nini, na mama alikuwa akipiga simu siku gani. Akinyamaza, asilazimishwe kuongea.

Jirani kuna Coram's Fields, uwanja wa michezo ilipokuwa nyumba yenyewe kabla ya kubomolewa miaka ya 1920. Mtu mzima haruhusiwi kuingia bila kufuatana na mtoto.