MAONI YETU: Mzee akizikwa, dawa isizikwe naye

Vitu viwili vinavyoondoka Kiranjeranje, wilayani Kilwa, kwa malori, ufuta wa mashambani na jasi ya Makangaga, vimo katika kitabu kikubwa cha dawa cha Wachina, Bencao Gangmu, alichokikamilisha tabibu Li Shizhen mwaka 1578. Humo jasi ni dawa ya homa kali. Sisi tunaijua kwa saruji.

Hatusemi watu waanze kutafuna jasi. Tunasema wenzetu waliandika.

Li alitumia miaka 27. Alisoma vitabu vya waliomtangulia, kisha akafunga safari kuwauliza wakulima, wavuvi na wawindaji. Alipokuta kosa, alilisahihisha. Aliorodhesha vitu 1,892 na maagizo ya dawa zaidi ya 11,000. Alifariki mwaka 1593, kitabu kikachapwa 1596. Yamo mambo ambayo maabara za leo zimeyakataa. Lakini kosa lililoandikwa hukosolewa. Lililobaki kichwani halimfikii mkosoaji.

Faida ya kuandika tunaimeza wenyewe. Katika karne ya 4 Mchina mwingine, Ge Hong, aliandika tiba ya homa za vipindi: chukua kiganja kimoja cha mmea wa qinghao, loweka kwenye maji, kamua, kunywa. Miaka 1,600 baadaye mtafiti Tu Youyou alikuwa akihangaika na mmea huohuo, matokeo hayatulii. Aliposoma tena maneno yale aliona kuwa hapakutajwa kuchemsha. Akaacha moto mkali, dawa ikapatikana. Ndiyo asili ya dawa mseto tunayopewa zahanati tukikutwa na malaria. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Jina la mmea lilikuwa linajulikana siku zote. Kilichomkwamua ni namna ya kuutengeneza.

Sasa tuje kwetu. Muulize kijana dawa ya tumbo, atakujibu: “Mizizi, unachemsha, unakunywa.” Muulize bibi yake. Atakuambia gome libanduliwe upande wa mawio na upande wa machweo, kiasi gani, lichemke mpaka maji yabaki nusu, siku ngapi, na kwamba mjamzito asiguse. Hilo la mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote, na halimo popote ila kichwani mwake. Huku nyuma, mashamba na mkaa vinazidi kuusogeza msitu mbali na kijiji.

Hatuanzii sifuri. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu 2002, na ina baraza lake. Muhimbili wanatafiti dawa za asili tangu 1974. Profesa Kokwaro wa Kenya alichapisha kitabu cha mimea dawa ya Afrika Mashariki mwaka 1976, lakini kwa Kiingereza, ambacho bibi hawezi kukikosoa.

Kinachokosekana ni daftari la kijiji. Halmashauri ya Kilwa ianze na kata ya Kiranjeranje: mwalimu, afisa misitu na waganga wakae pamoja. Waandike jina la mti kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji, sehemu inayotumika, kipimo, matayarisho, na nani asipewe. Tawi likaushwe ndani ya gazeti, lipelekwe kwa wataalamu wautambue mti.

Waganga wanaogopa kuibiwa, na hofu hiyo ni ya haki. Basi daftari lifungiwe ofisi ya kijiji. Asinakili mtu bila ridhaa ya mwenye dawa na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji.

Na daftari lisigeuzwe kibali cha kuuzia chupa stendi. Kuandika ni hatua ya kwanza, kupima ni ya pili. Mtoto mwenye homa bado anapelekwa zahanati.

Kauntabuku moja inatosha kuanzia. Bibi leo yupo, na ana la kusema.