Mbegu Mpya na Uhai Uliofichika Udongoni

Tangu Oktoba 2022, Baraza la Mawaziri la Kenya lilipoondoa marufuku ya mazao yaliyobadilishwa vinasaba iliyodumu tangu Novemba 2012, mjadala umehusu zaidi afya ya mlaji, hata kufika mahakamani. Sisi tunauliza swali lisilosikika sana: mbegu hizi huufanyia nini udongo?

Udongo una uhai. Bakteria, kuvu na viumbe wengine wasioonekana kwa macho huozesha mabaki ya mimea. Wengine hukaa katika vinundu vya mizizi ya kunde na maharagwe, wakiupatia mmea naitrojeni kutoka hewani. Papa Fransisko, katika waraka wa Laudato si' (2015), alikumbusha kwamba mazingira hayawezi kustawi bila viumbe hao wadogo.

Yafaa kutofautisha. Mahindi ya Bt hubeba kinasaba cha bakteria wa udongoni, Bacillus thuringiensis, kinachotengeneza protini ya kuua viwavi watoboao mabua. Mwaka 1999 watafiti walionyesha kwamba protini hiyo hutoka mizizini na kuingia udongoni. Lakini tafiti nyingi za mashambani zimeona kwamba tofauti inayoletwa kwa viumbe wa udongoni ni ndogo kuliko ile ya msimu, aina ya udongo au namna ya kulima. Hatuna haki ya kuwatisha watu kupita ukweli.

Hali ni nyingine kwa mazao yaliyotengenezwa kustahimili glaifoseti, dawa ya kuua magugu. Dawa hiyo huzuia kimeng'enya ambacho bakteria na kuvu wengi nao wanacho. Baadhi yao hudhurika, wengine huila, na hivyo uwiano wao waweza kubadilika.

Kwa hiyo, mkulima asiulize bei ya mbegu tu. Aulize pia: inafuatana na dawa gani? Nitaweza kubadilisha mazao na kupanda kunde? Papa hakutoa hukumu ya jumla juu ya mbegu hizi. Alidai utafiti huru na mjadala wa wazi. Basi udongo wetu upimwe hapa hapa, kwa maana matokeo ya Iowa si lazima yawe ya Kitale.

Kitabu cha Mwanzo kinampa mwanadamu kazi mbili bustanini: kulima na kutunza. Tusiifanye ya kwanza tukaisahau ya pili.