Kutangulia si kufika: Je, kuna faida kulipia kipaumbele cha kupanda meli ya kitalii?

Safari za kitalii za baharini, ambazo zilisimama karibu kabisa mwezi Machi 2020 kutokana na janga la corona, zimerejea kwa kishindo. Kwa mujibu wa CLIA, jumuiya ya kimataifa ya kampuni za meli hizo, abiria waliosafiri mwaka 2019 walikuwa milioni 29.7. Mwaka 2024 idadi hiyo ilifikia milioni 34.6. Bandari ya Miami nchini Marekani, peke yake, ilihudumia zaidi ya abiria milioni 8 katika mwaka wake wa fedha wa 2024.

Miongoni mwa abiria hao wamo pia wasemaji wa Kiswahili wanaoishi ughaibuni. Wanaokaa Uingereza hupandia Southampton, wanaokaa Marekani hupandia Miami au Galveston, na wale wa Ghuba, kwa miaka ya karibuni, wamekuwa wakipata meli Dubai, Abu Dhabi na Doha wakati wa majira ya baridi. Wengi wao wameweka akiba kwa muda mrefu ili kuwapeleka wazazi, kusherehekea miaka ya ndoa, au kuwakutanisha ndugu waliotawanyika katika mabara matatu.

Na karibu wote, kabla ya kukamilisha malipo, hukutana na swali moja: je, wako tayari kuongeza fedha ili wapande melini mapema kuliko wengine?

Swali hilo linaonekana dogo. Lakini ndani yake mna hesabu ya fedha, mna utaratibu wa bandari ambao abiria wengi hawaufahamu, na mna hoja pana zaidi kuhusu jamii ambamo hata nafasi katika foleni imekuwa bidhaa.

Ni nini hasa kinachouzwa?

Kampuni ya Carnival ilianza mwaka 2012 kuuza huduma iitwayo Faster to the Fun. Hii hulipiwa kwa chumba, si kwa kichwa, na idadi ya vyumba vinavyouziwa ina kikomo. Anayeinunua hupita katika foleni ya mbele bandarini, huruhusiwa kuingia chumbani mwake mara tu apandapo, na mizigo yake hufikishwa mapema. Royal Caribbean nayo ilianzisha mwaka 2018 kifurushi kiitwacho The Key, ambacho hulipiwa kwa kila mtu na kwa kila siku ya safari, na ndani yake mna intaneti, chakula cha mchana cha siku ya kwanza, na viti maalumu katika maonyesho. Kampuni nyingine huchanganya kipaumbele hicho na vyumba vya gharama ya juu, au huwapa wateja wao wa siku nyingi bila malipo.

Tofauti kati ya bei ya chumba na bei ya kichwa si jambo la kupuuzwa. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Familia ya watu wanne inasafiri siku saba. Ikilipa dola 100 kwa chumba kizima, kila mmoja amegharimu dola 25. Ikilipa dola 25 kwa kila mtu kwa kila siku, jumla yake ni dola 700. Neno linalotumika katika matangazo ni lile lile, kipaumbele, lakini mkoba unapofunguliwa hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Ni kweli kwamba katika kifurushi cha pili mna intaneti. Basi anayenunua na ajiulize kama ananunua intaneti au ananunua foleni.

Foleni inavyozaliwa

Ili kuelewa thamani ya kutangulia, sharti kwanza kuelewa siku ya meli bandarini. Meli kubwa huingia gatini alfajiri ikiwa na maelfu ya abiria wa safari iliyokwisha. Hao hushuka, hukaguliwa na maofisa wa uhamiaji na forodha, na kwa kawaida huwa wameondoka kabla ya saa nne asubuhi. Saa kumi jioni au baada yake kidogo, meli ile ile hung'oa nanga ikiwa na maelfu wengine. Icon of the Seas, iliyoanza safari zake kutoka Miami Januari 2024, inaweza kuchukua abiria wapatao 7,600 itakapojaa kabisa.

Katika bandari za Marekani, abiria wapya hawaruhusiwi kuanza kupanda mpaka ithibitishwe kwamba abiria wa zamani wote wameshuka na kuhesabiwa. Mtu mmoja akichelewa chumbani, au akaitwa kwa maswali ya forodha, umati mzima ulioko nchi kavu husubiri. Aliyelipia husubiri pamoja na asiyelipia. Ukungu nao hauna heshima kwa tikiti: katika miezi ya baridi mfereji wa kuingilia Galveston, jimboni Texas, hufungwa mara kwa mara kwa sababu ya ukungu, na meli hukaa nje ya bandari kwa saa nyingi.

Kwa hiyo, kinachonunuliwa ni nafasi ya mbele baada ya mlango kufunguliwa. Saa ya kufunguliwa kwa mlango haimo katika mauzo hayo. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo matangazo hayalisemi kwa sauti kubwa.

Jambo la pili ni kwamba foleni yenyewe imekuwa fupi kuliko zamani. Kampuni nyingi sasa humtaka abiria ajisajili kwa simu yake, apige picha ya pasipoti, na achague muda wa kufika bandarini. Zoezi la usalama, ambalo lilikuwa likiwakusanya abiria wote sitahani kwa wakati mmoja, kampuni kadhaa zimeligawa tangu 2020, sehemu yake ikifanywa kwa simu. Abiria anayewahi kujisajili siku ile usajili unapofunguliwa anaweza kupata muda wa mapema kabisa bila kulipa hata senti. Katika hali hiyo, anayelipa anaweza kuwa ananunua kile ambacho jirani yake amekipata kwa kuamka mapema.

Meli si ndege

Wengi wetu tumejifunza kulipia kipaumbele katika viwanja vya ndege, na tunahamishia mazoea hayo bandarini. Lakini hali hizo mbili hazifanani.

Ndani ya ndege kuna kitu kinachokwisha: nafasi ya mkoba juu ya viti. Ryanair, tangu Novemba 2018, humruhusu abiria wa kawaida kuingia na mkoba mdogo tu, na anayetaka kuingia na begi la pili hulazimika kulipia kipaumbele. Hapo fedha inanunua kitu kinachoshikika.

Melini, chumba kina namba na kina jina lako. Hakuna atakayekalia kitanda chako kwa kuwa alitangulia. Mizigo mikubwa hukabidhiwa kwa wachukuzi gatini na hufuata baadaye. Tena, vyumba vingi huwa havijawa tayari kabla ya saa saba mchana au zaidi, kwa hiyo abiria wa kawaida anayeingia saa tano hutangatanga na begi lake la mkononi kati ya mkahawa na sitaha. Ameingia mapema, lakini hajafika. Wahenga walikwisha kutuonya: kutangulia si kufika.

Penye faida ya kweli

Hata hivyo, itakuwa si haki kusema kwamba huduma hii haina maana yoyote. Ziko hali tatu ambamo faida yake ni ya kweli.

Ya kwanza ni pale kipaumbele kinapoambatana na kufunguliwa chumba papo hapo. Kwa mama mwenye mtoto mchanga, au kwa mzee aliyetua asubuhi hiyo kutoka safari ndefu ya angani, saa mbili za kulala kitandani zina thamani kubwa kuliko bei yake.

Ya pili ni katika bandari zisizo na gati la kutosha meli kubwa, ambako abiria huteremshwa kwa mashua ndogo ndogo. George Town katika visiwa vya Cayman ni mfano mzuri: wapiga kura wa huko walikataa katika kura ya maoni ya Aprili 2025 pendekezo la kujenga gati la meli za kitalii, kwa hiyo mashua zitaendelea. Meli inapokaa hapo kwa saa saba tu, kuingia mashua ya kwanza badala ya ya kumi kunaweza kuokoa sehemu kubwa ya siku.

Ya tatu ni siku ya kushuka, hasa kwa mwenye ndege ya mchana. Lakini hapa pia tahadhari inahitajika, kwani aliye tayari kubeba mizigo yake mwenyewe kwa kawaida huruhusiwa kushuka miongoni mwa wa kwanza bila malipo.

Kwa wazee na wenye ulemavu, ni vyema kuuliza kabla ya kulipa. Kampuni nyingi hutoa msaada wa kiti cha magurudumu na njia ya pembeni kwa wanaoomba mapema, na msaada huo hauuzwi.

Kipaumbele hakinunui viza

Kwa wasomaji wetu, iko hoja nyingine ambayo katika miongozo ya wasafiri wa Magharibi hutajwa kwa nadra. Foleni inayowachelewesha wengi wetu si ile ya kampuni ya meli. Ni ile ya nyaraka.

Raia wa Marekani anayeanzia na kumalizia safari katika bandari za Marekani anaweza, katika safari nyingi za Karibi, kusafiri kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho chenye picha. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania, hata akiwa na kibali cha ukaazi, hana nafuu hiyo. Sharti achunguze masharti ya kila nchi ambayo meli itatia nanga. Anayeishi Uingereza kwa pasipoti kama hiyo na kupanda meli Southampton kwenda Uhispania na Ufaransa huhitaji viza ya Schengen. Na anayeondoka Barcelona, akapitia Tunis na kurudi Uhispania, anapaswa kuhakikisha kwamba viza yake inamruhusu kuingia zaidi ya mara moja.

Wanaotumia hati ya kusafiria ya mkimbizi wana mzigo mzito zaidi. Mwandishi wa makala haya, ambaye ameitumia hati hiyo kwa miaka mingi, anaweza kushuhudia kwamba si kila ofisa aliyeko nyuma ya meza huitambua anapoiona. Foleni ya mbele hukufikisha haraka kwa ofisa huyo; haikusaidii kumridhisha.

Jambo hili ni zito kwa sababu katika bandari za Marekani kampuni hulazimika kuwasilisha orodha kamili ya abiria kwa idara ya forodha dakika 60 au zaidi kabla ya meli kuondoka. Aliyezuiliwa kwa sababu ya nyaraka hubaki nchi kavu, na kwa kawaida nauli yake hairudi. Basi mwenye dola 100 za ziada huenda akafanya busara zaidi kuzitumia kwa viza iliyo sahihi, au kwa usiku mmoja wa hoteli karibu na bandari ili asitegemee ndege ya asubuhi ile ile.

Nani anabeba gharama?

Mwanauchumi Fred Hirsch, katika kitabu chake Social Limits to Growth cha mwaka 1976, alieleza kwamba ziko bidhaa ambazo thamani yake hutokana na wengine kuzikosa. Foleni ya mbele ni bidhaa ya aina hiyo. Kila anayeinunua huipunguzia thamani kwa mwenzake, na kila foleni ya haraka huifanya ile ya kawaida iende polepole zaidi. Kampuni, ambazo ziliingia katika madeni makubwa wakati wa janga, zina kila sababu ya kuuza zaidi. Carnival peke yake mwanzoni mwa 2023 ilikuwa na deni la zaidi ya dola bilioni 30.

Yuko pia mtu wa tatu ambaye hatajwi: mhudumu wa vyumba. Chumba kinachoahidiwa kuwa tayari mapema husafishwa na mtu, ndani ya muda ule ule mfupi kati ya safari mbili. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika 2013, unaruhusu kazi ya hadi saa 14 katika saa 24. Wengi wa wahudumu hao hutoka Ufilipino, India na Indonesia, na Kenya nayo imekuwa ikiwatafutia vijana wake ajira katika meli hizi.

Historia inatoa kichekesho chake. Meli ya Titanic ilipoondoka Southampton tarehe 10 Aprili 1912, walioanza kupanda asubuhi walikuwa abiria wa daraja la tatu, ambao walilazimika kukaguliwa afya. Treni ya abiria wa daraja la kwanza kutoka London ilifika karibu saa tano na nusu, ilhali meli iliondoka saa sita mchana. Enzi hizo, heshima ya tajiri ilikuwa kufika mwisho na kutosubiri kabisa.

Pengine hapo ndipo lilipo jibu. Anayesafiri na mtoto mchanga au mzee, katika meli inayofungua chumba mara moja na kutoza kwa chumba, ana sababu njema ya kulipa. Mwenye afya, aliyejisajili mapema, na ambaye bei yake inahesabiwa kwa kichwa na kwa siku, hana. Na yeyote anayetaka kuikwepa foleni bila kulipa anaweza kula chakula chake cha mchana mjini kwa utulivu, akafika bandarini umati umekwisha kuingia, maadamu afike kabla ya saa ya kufungwa kwa usajili. Chumba chake atakikuta kiko tayari. Meli nayo, kwa aliyelipia na asiyelipia, itang'oa nanga saa ile ile.