Akipaka Nyasi Rangi Nyekundu, Muulize Kwanza

Mwambie mtoto wa shule achore mandhari na mara nyingi utapata picha ileile: milima miwili yenye ncha, jua katikati, nyumba moja na mto mbele yake. Wa Bukoba huichora hivyo, na wa Dodoma vilevile. Hajachora alichokiona bali alichozoea kukiona kwenye daftari la mwenzake.

Likizo ya Juni ni nafasi ya kubadili hilo. Kiangazi cha Bukoba na Muleba kina rangi zake. Nyasi za rweya hukauka zikawa na wekundu wa kahawia, na palipochomwa moto huwa peusi. Kibanja hubaki kijani, ila majani ya chini ya migomba hunyauka. Uani kahawa imeanikwa. Ziwa Victoria asubuhi laweza kuwa na rangi ya majivu, jioni likang'aa kama bati jipya. Mtoto akikaa mahali pamoja nusu saa, atayaona haya mwenyewe.

Akirudi ndipo mzazi hupimwa. Ameleta picha ya rweya nyekundu tupu, na jibu la haraka huwa, "Umeona wapi nyasi nyekundu?" Swali bora ni, "Ulipokaa pale ulijisikiaje?" Pengine atasema, "Mama, jua lilikuwa linachoma." Basi wekundu ule ni joto. Picha ya namna hii haishindani na kamera ya simu. Inaonyesha mahali na hisia za aliyekuwapo. Mtoto akikosolewa kila mara, kesho atarudia milima miwili.

Wapo wazazi wanaohofia kuwa kuchora kunapoteza masomo. Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, alisoma sanaa Makerere na London, akafundisha Makerere, na akaendelea kuchora migomba na watu wa kwao Kilimanjaro kwa rangi za mafuta. Picha yake moja ya mwaka 1956 imo katika Museum of Modern Art, New York. Baada ya Uhuru wa 1961, aliiwakilisha Tanganyika nchini Uingereza.

Kuhusu vifaa, mdogo aanze na penseli za rangi au rangi za maji. Rangi za mafuta zinamfaa aliyekua, akiwa na mtu mzima karibu. Zitafutwe za wachoraji, zinazouzwa kwenye tyubu, si za kupaka milango, maana baadhi ya hizo zimewahi kukutwa na madini ya risasi. Tano zatosha: nyeupe, njano, nyekundu, buluu na kahawia. Kijani atakichanganya mwenyewe.

Tabaka la kwanza liwe jepesi, lililochanganywa na tapentaini. La juu ndilo liwe na mafuta zaidi, la sivyo picha hupasuka baadaye. Kazi ifanyike barazani penye hewa, mbali na jiko. Tapentaini isiwekwe kwenye chupa ya soda. Matambara yenye mafuta yasirundikwe, yanaweza kuwaka yenyewe. Yatandazwe nje yakauke.

Rangi za mafuta huchukua siku nyingi kukauka, na hiyo ni faida: kesho mtoto anaweza kukwangua na kupaka upya. Ikikauka, itundikwe sebuleni. Mgeni akiuliza kuhusu nyasi nyekundu, mtoto aachwe ajibu mwenyewe.