Hoja za wanaosita kuweka toleo jipya la Routinator

Kila toleo jipya la Routinator, programu ya kuhakiki njia za intaneti, likitoka, mafundi wa mitandao hugawanyika. Wapo wanaoliweka jioni hiyohiyo, na wapo ambao kila mara wana sababu ya kungoja.

"La zamani linafanya kazi, liacheni." Hoja hii ina wafuasi wengi, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Routinator huchota hati za RPKI (mfumo wa vyeti vya kidijitali vya anwani za intaneti) kutoka hazina zilizotapakaa duniani, huzihakiki, kisha huzijulisha ruta ni mtandao upi ulioruhusiwa kutangaza anwani zipi. Hazina hizo huendeshwa na watu usiowajua. Mwaka 2021 ilibainika kwamba hazina yenye nia mbaya ingeweza kutoa data tone kwa tone, baiti chache tu kila mara, ili muunganisho usikatike na uhakiki usiishe. Toleo la 0.10.2 liliziba tundu hilo. Aliyebaki nyuma angeona programu inawaka vizuri tu, kumbe imekaa inasubiri.

"Ikizima, mtandao mzima unazima." Hapana. Ruta ikikosa data, njia huhesabiwa kuwa hazijulikani, si batili, na zisizojulikana kwa desturi hupitishwa. Kinachopotea ni ulinzi. Ukiwa na wasiwasi, washa rpki-client ya OpenBSD kwenye seva ya pili: hiyo imeandikwa kwa C, Routinator kwa Rust, na timu ni mbili tofauti, kwa hiyo si rahisi hitilafu moja iziangushe zote.

"Ya bure, nani atawajibika?" NLnet Labs ya Amsterdam, inayoitengeneza, inauza mikataba ya msaada. Lipa.

"Hayo ni mambo ya Ulaya." Aprili 2019 Workonline ya Afrika Kusini na Seacom, ambayo kebo yake inatua Mombasa na Dar es Salaam, zilianza kutupa njia batili. Kampuni nyingi kubwa za Ulaya na Marekani zilifuata baadaye.

Wapenzi wa RPKI nao wana chumvi yao: "Ukiiweka, utekaji wa njia umekwisha." Februari 2008 Pakistan Telecom ilitangaza 208.65.153.0/24, kipande cha anwani za YouTube, na YouTube ikapotea duniani kwa takriban saa mbili. Leo tangazo kama hilo lingekataliwa na kila anayehakiki, mradi mwenye anwani ameandika ROA, yaani hati ya RPKI inayotaja mtandao ulioruhusiwa kuzitangaza. Lakini kinachokaguliwa ni chanzo tu. Tapeli akiibandika namba ya mtandao wa YouTube mwishoni mwa njia yake, anapita. ASPA, nyongeza ya RPKI ya kukagua njia yenyewe, inajengwa kwa ajili ya mianya ya namna hiyo.

Tena, uhakiki hausaidii ROA zenyewe zikiandikwa na mwizi. Januari 2024 mtu aliingia kwenye akaunti ya Orange Hispania huko RIPE NCC, sajili ya anwani za intaneti, na kuandika ROA zilizozifanya njia halali za kampuni hiyo kuwa batili. Programu za uhakiki zilifanya kazi yake sawasawa, na wateja wakakosa intaneti kwa saa kadhaa. Nywila ilikuwa "ripeadmin", na uthibitishaji wa hatua mbili wakati huo haukuwa wa lazima.